Klachi Isiyoteleza

Mjukuu wangu ana Subaru Impreza WRX STI, iliyotoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 280. Aliiongezea injini nguvu, klachi ikaanza kuteleza. "Babu, nataka ya mashindano, yenye vipande vya shaba. Hiyo haitelezi."

Fundi wake akatikisa kichwa. Klachi ya namna hiyo hushika kwa kishindo, na mshtuko ambao klachi ya kawaida huupunguza kwa kuteleza kidogo huenda moja kwa moja kwenye meno ya gia. Akamshauri achukue ya kadiri, inayoizidi nguvu ya injini kiasi tu.

Nilinyamaza. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilijisifu kwamba silegei. Mwanachuo mmoja alichelewa siku tatu akimzika mama yake. Nikamfukuza, maana kanuni ni kanuni. Hakuwa mwalimu tena.

Klachi inayoteleza daima haifai, gari haliendi. Lakini isiyoteleza kabisa huvunja kilicho nyuma yake. Je, uthabiti si pamoja na kujua kiasi cha kulegea? Somo hilo nililipata gereji, nikiwa nimechelewa.