Je, Ni Aibu Kumfungulia Mtu Baki Moyo?

Tuseme yuko mama mmoja katika jirani yetu, aliyemzika mtoto wake mwaka jana. Misa ya wafu ilisomwa, matanga yakaondolewa, jamaa wakarudi makwao. Yeye amebaki hapati usingizi, chakula hakimwingii, na watoto waliobaki hana nguvu ya kuwatazama usoni. Rafiki amemshauri aende kwa mshauri nasaha, mtu mwenye chumba chake mjini, anayelipwa kwa kila kikao. Mumewe amekataa. Asema, "Mambo ya nyumba hii hayapelekwi kwa mtu baki, tena kwa fedha. Je, sala hazitoshi?"

Mume huyo si mtu mbaya, wala neno lake si upuuzi. Tangu utoto tumefundishwa kutunza siri ya nyumba, na mafundisho hayo ni mema. Lakini yatupasa kupambanua. Siri hutunzwa ili ilinde heshima ya mtu. Ikianza kumla yule yule iliyowekwa imlinde, imekwisha kuacha kazi yake. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wala hawakusema maradhi ya mwili peke yake.

Ama kuhusu sala, hakuna amwambiaye mwenye mguu uliovunjika asali tu, asiende hospitali. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumheshimu tabibu na kumwomba Mungu, yote mawili. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitaka uchungaji wa roho utumie pia elimu ya saikolojia. Basi kumwendea mshauri si kupungukiwa imani. Wala mshauri hachukui mahali pa kitubio: katika kitubio twaondolewa dhambi, na huzuni ya mama huyu si dhambi.

Wengine husema hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini huko Harare, nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi penye zahanati, na kuwasikiliza kwa utaratibu maalum. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kusikilizwa vema si mali ya taifa moja.

Na fedha je? Tukubali kwamba upendo haununuliwi. Lakini anayelipwa hapa hauzi upendo. Anatoa muda wake na elimu yake, kama mwalimu na mganga. Tena ugeni wake wenyewe una faida. Ukimlilia shangazi leo, kesho utamkuta arusini, nawe utajiuliza anakumbuka nini. Mshauri hana deni kwako, nawe huna deni kwake ila malipo mliyopatana. Kwa sababu hiyo waweza kumwambia lile usiloweza kumwambia aliye wako.

Aendaye mara ya kwanza ajue yatakayompata, asije akaogopa bure. Hatalazwa wala hatachomwa sindano. Ataketi kitini, mara nyingi kwa muda wa dakika 50 au saa moja. Ataulizwa kilichomleta, habari za usingizi wake, jamaa zake, kazi yake, na kama amewahi kufikiri kujiua. Swali hilo la mwisho lisimchukize. Mshauri mwema huliuliza kwa kumlinda. Ataelezwa malipo, na jinsi ya kuvunja ahadi ya kikao. Asiloweza kulisema siku hiyo na liachwe. Hakuna sheria ya kumaliza yote mara moja.

Ataelezwa pia mpaka wa siri. Hapa tusidanganyane: siri ya kitubio padre hawezi kuitoa kwa sababu yoyote, bali siri ya mshauri ina mpaka. Akiona uhai wako au wa mwingine umo hatarini, au mtoto anatendewa ukatili, huenda akalazimika kutafuta msaada. Mshauri mwaminifu husema hayo mwanzoni, kabla hujafungua kinywa.

Asitazamie hukumu wala amri. Mshauri hakuamulii umwache mume au umsamehe ndugu. Hukusaidia kuona wazi, nayo dhamiri hubaki kuwa yako. Anayekuamuru kinyume cha dhamiri yako, au anayetaka urafiki wa pembeni, au kukukopa fedha, mwache mara moja. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliweka bodi ya kuwaandikisha washauri na wanasaikolojia. Lakini popote ulipo, si utovu wa adabu kumwuliza mtu alisomea wapi. Tena asitazamie nafuu ya siku moja. Wengine hurudi nyumbani siku ya kwanza wamechoka kuliko walivyokwenda, kama mtu aliyeoshwa kidonda. Na ikiwa baada ya vikao kadhaa hawapatani, halali kutafuta mwingine.

Twarudi kwa yule mume. Hatumwambii aache kuwa mlinzi wa nyumba yake. Twamwuliza tu: analinda nini, jina la nyumba au mtu aliyemo ndani yake? Kama ni mtu, basi na amsindikize mkewe hadi mlangoni, angoje nje, na wakati wa kurudi asimwulize, "Umesema nini?" Amwulize kama amekula. Mficha uchi hazai. Na nyumba isiyoruhusu machozi yake yaonekane haitapona kwa kufunga madirisha.