Mwanzo Usio na Ushahidi

Msomaji, ukitaka kila neno lithibitishwe, na uthibitisho wake nao uthibitishwe, hutafika mwisho. Huna budi kusimama mahali na kusema, "Hapa ndipo nianzapo." Je, ni halali kuanza hivyo? Swali hili liliwasumbua hata wanahisabati, watu ambao twawadhania hawajui shaka.

Mjerumani Gottlob Frege alitaka kuijenga hesabu juu ya mantiki tupu. Katika misingi yake lilikuwamo wazo lililoonekana wazi kama mchana: kila sifa uwezayo kuitaja ina seti yake, yaani kundi la vitu vyote vyenye sifa hiyo. Mwezi wa Juni 1902 akapata barua ya Mwingereza Bertrand Russell. Shida aliyoieleza yafanana na hii: fikiri daftari liorodheshalo madaftari yote yasiyojitaja. Je, lenyewe lijitaje? Likijitaja, halistahili kuwamo, lisipojitaja, lastahili. Sisi twaweza kusema tu kwamba daftari hilo haliwezi kuwako. Frege hakuweza, kwani kwa kanuni yake seti ya namna hiyo ilipasa iweko. Buku lake la pili lilikuwa tayari kwa wapiga chapa. Hakuificha habari hiyo, bali aliiandika katika nyongeza, na buku likatoka mwaka 1903 likitangaza ufa wa msingi wake. Kwangu mimi, kurasa zile chache zazidi buku zima kwa heshima.

Ernst Zermelo naye alikuwa amethibitisha jambo kubwa mwaka 1904 kwa kutumia kauli moja: ukiwa na makundi, hata yasiyo na idadi, wala hakuna lililo tupu, waweza kuchukua kuwa kitu kimoja kimechaguliwa katika kila kundi, ijapokuwa huna kanuni ya kuchagulia. Wengi walimpinga. Mwaka 1908 akawajibu kwamba wanahisabati walikuwa wakiitumia kauli ile ile kimyakimya. Mwaka huo huo akaziandika peupe kauli saba za msingi, ziitwazo aksiomu. Sifa peke yake haikutosha tena kuzaa seti. Sharti uwe na seti kwanza, ndipo utenge ndani yake. Akakiri pia kwamba hajaweza kuthibitisha kuwa kauli zake hazitapingana.

Usidhani mambo haya ni ya Ujerumani tu. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu waliohamishwa kwingine mashamba hapa Olenguruone. Serikali ilianzia hapa: hawa ni wapangaji, wakaao kwa masharti. Wenyewe walianzia pengine: ardhi hii ni fidia ya ile tuliyonyang'anywa, basi ni yetu. (Waogiek na Wamaasai nao walikuwa na mwanzo wao.) Zilipoletwa kanuni za kulima na kurithisha, serikali iliona ukaidi mahali ambapo wakulima waliona dhuluma, na kila upande ulifuata sawasawa mwanzo wake. Lakini mtu akizikataa aksiomu za Zermelo huenda zake akahesabu kwa nyingine. Olenguruone upande mmoja ulikuwa na askari, na kufikia mwaka 1950 wakulima wale walikuwa wamefukuzwa, wengi wao wakapelekwa Yatta, kwenye nchi kame.