Masikio Yaliyo Wazi Nyumbani



Siku mlipofunga ndoa, padre hakupima mapendo ya yeyote kati yenu. Aliuliza, mkajibu, naye akasikia. Ndivyo sheria ya Kanisa inavyodai: anayesimamia ndoa aombe ukubali wa wachumba na kuupokea kwa jina la Kanisa, mbele ya mashahidi wawili. Bibi arusi akijibu kwa sauti ya chini mno, padre humwomba arudie, na watu hucheka kidogo. Lakini padre hafanyi mzaha. Neno lile lisiposikika, mashahidi hawana cha kushuhudia. Wasioweza kusema au kusikia hutumia ishara, na ndoa yao ni ndoa kamili. Wao husikilizana kwa macho, pengine vizuri kuliko sisi wenye masikio. Basi ndoa yenu ilianza kwa mmoja kusema na mwenzake kusikia. Nawaomba mlishike hilo, kwa maana mwezi huu nataka tuongee juu ya kitu kinachoonekana kidogo, tena cha kidunia kabisa: hedifoni.

Mama mmoja ameniandikia. Mumewe ni mtu mwema, halewi, haendi nje ya ndoa, Jumapili anaimba kwaya. Mwaka jana alinunua hedifoni kubwa za aina iitwayo plana magnetiki. Kila jioni, akisha kula, huketi kwenye kochi, huzivaa, hufumba macho, na hapo ndipo alipo mpaka saa nne au saa tano za usiku. Mama huyu alikuwa ameitwa arudi hospitali kwa sababu ya uvimbe kwenye titi. Jioni ya kwanza alimwita mumewe, hakujibiwa. Jioni ya pili alimgusa begani. Mume akainua kidole kimoja, maana yake ngoja wimbo uishe. Wimbo uliisha, ukaanza mwingine. Jioni ya tatu hakujaribu tena. Alikwenda hospitali na dada yake. Uvimbe haukuwa saratani, Mungu ashukuriwe. Majuma mawili baadaye mume alizisikia habari hizo kwa shemeji yake, kwa simu, akarudi nyumbani amekasirika: mbona mke wangu ananificha mambo makubwa namna hii? Sasa mama anauliza, je, amjibu kwamba alimwambia, au anyamaze ili kuilinda amani?

Nitamjibu. Kwanza tukitazame kitu chenyewe, kwa sababu wengi wa akina mama walioniandikia juu ya mambo haya wanakichukia bila kukijua, na waume zao wanakipenda bila kukifikiri.

Hedifoni za kawaida zina koni ndogo iliyoshikamanishwa na koili ya waya. Umeme wa muziki ukipita katika koili, sumaku huisukuma, nayo huisukuma koni. Hizi za plana magnetiki zimetengenezwa kwa namna nyingine. Ndani yake kuna utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, uliochorwa njia za madini za kupitisha umeme, nao umetandazwa karibu na safu za sumaku, mara nyingi sumaku pande zote mbili. Umeme ukipita, utando wote hutikisika kwa pamoja, kama ngozi ya ngoma iliyopigwa kila mahali kwa mara moja. Si uvumbuzi wa jana. Kampuni ya Yamaha ya Japani iliuza hedifoni zake ziitwazo HP-1 mwaka 1976. Baadaye watu wengi walizisahau, mpaka kampuni kama Audeze ya Marekani na HiFiMan zilipozirudisha kwa nguvu kuanzia mwaka 2009 hivi. Mwimbaji wa kwaya akizivaa husikia alto inapoachana na soprano, na besi inavyotembea chini yao bila kuvuruga mtu. Simlaumu anayeona raha. Muziki mzuri ni zawadi ya Mungu, na mtu aliyeshinda kutwa kwenye kelele za matatu na jenereta ana haki ya kutamani kitu safi masikioni.

Lakini sumaku nyingi ni mzigo. Baadhi ya hedifoni hizi hupita nusu kilo. (Mama aliyesuka nywele jana asijaribiwe kuvalishwa hizo leo, hata kama mume anataka sana amwonjeshe wimbo mmoja.) Nyingi zinahitaji amplifaya yake pembeni, kwa sababu simu ya kawaida haina nguvu ya kuziendesha vema. Na bei! Zipo za bei ya kadiri, lakini zipo pia zinazozidi dola 1,000 za Marekani, ambazo ni zaidi ya shilingi laki moja za kwetu. Nitarudi kwenye bei.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili. Nyingi za hedifoni hizi zimeachwa wazi kwa nyuma. Utando ule unataka hewa ipite pande zote mbili, basi watengenezaji hawakuziba nyuma, waliweka wavu tu. Kwa sababu hiyo sauti yake hutoka nje, na anayeketi karibu nawe husikia kitu kama mbu anayeimba. Na kwa sababu hiyo hiyo sauti ya nyumba huingia. Aliyezivaa, akiwa ameweka sauti ya kiasi, humsikia mtoto akilia chumbani. Husikia mlango ukibishwa. Humsikia mke akimwita.

Ndugu yangu mwanamume, umelielewa jambo hilo? Ulilipa fedha nyingi kununua kitu kisichokuziba masikio. Ukisema, "Sikukusikia, nilikuwa nimevaa hedifoni," kwa kweli umetaja sababu ambayo haitoshi. Zimebaki sababu mbili tu. Ya kwanza ni kwamba umepandisha sauti mpaka imeifunika nyumba. Hapo unayaharibu hata masikio yako. Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo mwaka 2019: sauti ya desibeli 80 mtu mzima anaweza kuivumilia saa 40 kwa juma, lakini ikifika 90 ni saa 4 tu kwa juma zima. Kila inapopanda desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu. Anayesikiliza kwa sauti kubwa saa mbili kila jioni amekwisha kulimaliza fungu la juma lake kabla Jumatano haijafika, na sikio likiharibika kwa njia hiyo halirudi.

Sababu ya pili ni kwamba ulisikia, ukainua kidole.

Kidole hicho ndicho dhambi ndogo inayonitia wasiwasi, kuliko muziki wenyewe na kuliko fedha. Zamani kilikuwa gazeti lililofunuliwa mezani kama ukuta. Kesho kitakuwa kitu kingine tusichokijua. Na akina mama msicheke mapema. Wako waume wanaoingia nyumbani na kumkuta mke jikoni na vile vidude vidogo masikioni, anafuata mahubiri ya mchungaji wa mbali au tamthilia ya jioni, na salamu ya mume inaanguka sakafuni kama ganda la ndizi. Mume huyo naye hainui sauti, hugeuka tu, akaenda kuongea na watu wa kijiweni.

Je, Kanisa linadai basi kwamba mume na mke wawe wanaongea saa zote? La. Mtakatifu Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya saba, anaongea na wanandoa juu ya jambo zito kuliko hili, yaani unyumba. Anawaagiza wasinyimane. Kisha anaruhusu wajitenge ili wapate nafasi ya kusali, lakini anaweka masharti mawili: iwe kwa mapatano, na iwe kwa muda. Baadaye warudiane. Tazameni hekima ya mtume. Hata sala, iliyo njema kupita muziki wowote, haimpi mmoja ruhusa ya kumfungia mwenzake mlango peke yake bila kumwuliza. Ikiwa ni hivyo kwa mwili, si zaidi kwa sikio? Sikio lako si lako peke yako tangu siku ile ya altareni.

Kwa hiyo kaeni chini mpatane, tena msipatane wakati mmoja amekwisha kasirika. Semeni saa: kwa mfano, kuanzia watoto wakilala mpaka saa nne. Semeni siku ambazo hakuna hedifoni kabisa. Nyumba yenye mtoto mchanga ina mapatano yake, na nyumba ambayo mmoja hufanya kazi ya usiku ina mengine. Mahali pengi hedifoni ni neema: mume asikiapo muziki wake bila kumwamsha mke aliyetoka zamu hospitalini, hilo ni pendo. Ila akumbuke kwamba hizi zilizo wazi huvuja. Kitandani, kando ya mtu aliyelala, hazifai, bora zile zilizozibwa.

Muwe pia na ishara. Mkono begani maana yake vua, wala si ngoja. Na kuvua kuwe kuvua kweli. Wengine huzishusha shingoni huku wimbo unaendelea kulia, macho yanamtazama mke na masikio yanafuata gitaa. Zima, ziweke mezani, mgeukie. Kama mwenzako alitaka tu kujua funguo ziko wapi, umepoteza dakika moja ya muziki. Hujui ni jioni gani atakuwa na neno kuhusu uvimbe.

Injili ya Marko, sura ya saba, inatuonyesha Bwana wetu mbele ya mtu kiziwi. Hakumponya kwa mbali, kama alivyoweza. Alimtenga na umati, akamtia vidole masikioni, akaugusa ulimi wake, akatazama mbinguni, akapumua kwa uchungu, ndipo akasema Efatha. Katika ibada ya ubatizo wa watoto kuna tendo lililochukuliwa hapo: padre hugusa masikio na mdomo wa mtoto, akiomba kwamba upesi alisikie neno la Mungu na kuikiri imani. Masikio yaliyoguswa hivyo ndiyo hayo hayo tunayoyavalisha sumaku jioni. Na tazameni utaratibu wa Bwana: yalifunguka masikio kwanza, ndipo ulimi ukasema sawasawa. Katika nyumba nyingi tunataka mke au mume aseme vizuri, asinung'unike, asipige kelele, wala hatujampa sikio.

Sasa bei. Kama hedifoni zinafikia karo ya muhula, hazinunuliwi na mtu mmoja. Hata kama mshahara ni wako. Wako wanaoacha boksi ofisini, wakisema nyumbani kwamba ni za rafiki, au wanataja nusu ya bei. Mwenzako atakuja kuijua, kwa maana vitu hivi vina bei zilizo wazi kwa mtu yeyote mwenye simu. Akisha kuijua, hatahesabu tena shilingi, atahesabu uongo. Mwambie bei kamili leo, pamoja na ya amplifaya. Atakasirika juma moja. Hilo linavumilika.

Kwako mama uliyeniandikia. Usinyamaze. Amani unayotaka kuilinda ilikwisha siku ile ulipoingia kwa daktari bila mumeo. Mwambie kwamba ulimwita, na kwamba ulimgusa, na kwamba aliinua kidole. Mwambie mkiwa wawili, dada yako asiwepo, na usimwambie kwa kumshinda. Mwambie pia kitu ambacho barua yako haikukisema ila nimekisikia ndani yake, kwamba uliogopa. Wala usizifiche zile hedifoni, usiziuze, usimwachie mtoto azichezee. Ukimpokonya muziki atapata la kulalamikia, na jambo lenyewe litapotea.

Na wewe bwana, ikiwa unausoma ukurasa huu na umejitambua, usikimbilie kuziuza pia. Kuuza ni toba rahisi. Unalipa kwa kitu badala ya kulipa kwa nafsi yako. Mwulize mkeo kama ana tarehe nyingine ya kurudi kliniki, kisha omba ruhusa kazini uende naye. Kaeni pamoja kwenye benchi mpaka jina lake litajwe, hata kama ni saa tatu nzima. Huko msikilize, hata akikuambia mara ya tatu habari aliyokwisha kumwambia dada yake.

Wasomaji wawili wameniuliza pia kama inafaa mmoja wa familia afuate Rozari ya redio kwa hedifoni wakati wengine wanasali sebuleni, kwa sababu wale wa redio husali taratibu zaidi. Haifai. Salini na walio mbele yenu, kwa mwendo wao, hata kama bibi anaruka fumbo la nne.