Malaika Aliyeleta Mkate

Somo: 1 Wafalme 19:1-8

 

Leo naanza na ungamo. Wengi wenu hamjui kwamba mimi mchungaji wenu nina ugonjwa wa sukari. Huu ni mwaka wa sita. Nilificha kwa sababu niliogopa mtauliza, "Pasta, wewe unatuombea sisi, mbona wewe hujapona?" Nikawa nameza dawa kwa siri. Mkinialika nyumbani nakunywa soda yenu ili nisiulizwe maswali.

Halafu nikachoka. Kujidunga kidole kila asubuhi, kupima ugali kwa macho, namba ikipanda najiona kama nimetenda dhambi. Mwaka jana tulipofunga, nilifunga na nyinyi bila kumwuliza daktari. Chakula sikula, lakini vidonge vya kushusha sukari nikaendelea kumeza. Siku ya pili usiku nikaanza kutetemeka, jasho jembamba, maneno hayashikani. Mke wangu akanipa chai yenye sukari nyingi. Nilipopata nguvu nililia, nikamwambia, "Mama Neema, nimechoka, heri Mungu anichukue." Akanijibu pole pole, "Baba Neema, hata Eliya alilishwa kwanza."

Wapendwa, neno hilo lilinishika.

Eliya alikuwa ametoka Karmeli, moto umeshuka mbinguni. Lakini tisho moja la Yezebeli likamkimbiza mpaka jangwani. Mtumishi wake akamwacha Beer-sheba, akaenda peke yake, akaketi chini ya mretemu akiomba kufa. Sasa angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, kukawa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala tena. Ndipo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka Horebu. Sauti ya utulivu ilikuja baadaye. Mkate ulitangulia!

Wewe mwenye sukari, kukata tamaa si kukosa wokovu. Ni mzigo wa kila siku, na mzigo huchosha. Usiubebe peke yako kama Eliya aliyemwacha mtumishi wake nyuma. Mwambie mtu mmoja. Ukiona huzuni haiishi, mwambie pia daktari pale kliniki.

Usitupe dawa kwa sababu umeombewa. Anayetumia insulini akiiacha anaweza kufa kwa siku chache tu. Mungu akikuponya, vipimo vitaonyesha na daktari atakuwa shahidi. Kabla ya kufunga, muulize. Unaweza kufunga simu na televisheni, na Mungu atasikia. Kula kwa wakati, lala, kagua nyayo zako kila jioni. Hiyo ni kutunza hekalu.

Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, usiwe polisi wa sahani yake. Uwe malaika. Mguse, mwandalie chakula kinachomfaa, na mkile pamoja.

Kuanzia leo mkinialika, maji yatanitosha.

Tuombe. Baba, kuna mtu hapa amekaa chini ya mti wake, amechoka. Mguse. Mpe mkate wa leo, na kesho umguse tena. Katika jina la Yesu. Amina!