Taabu ya Kujitakia na Taabu ya Kukutwa Nayo

Swali lililoletwa mbele ya darasa letu ni fupi kwa maneno na refu kwa maana. Mtu anayejitia taabuni kwa hiyari yake, pasi na dharura wala chumo, je, anastahili sifa?

Mwenye kuuliza ni ndugu yetu mtu wa Mombasa, ambaye kazi imemchukua Nairobi na makazi yake ni Buru Buru. Anasema kuwa siku moja ya masika, mvua ikinyesha tangu alfajiri, jirani yake mwenye gari aliliacha gari mlangoni, akapanda baiskeli peke yake, akaifuata njia ya Kangundo, akapita Njiru na Ruai hata Kamulu, kisha akarudi jioni hana uzi mkavu mwilini. Hakwenda kununua kitu wala kumzuru mgonjwa. Alikwenda ili aende. Watu wakamzunguka wakimsifu kwa ushujaa. Na saa hiyo hiyo, katika barabara ya Jogoo, walikuwa wakipita wafanya kazi juu ya baiskeli zao, wakitoka mtaa wa viwanda, wameloa kama yeye, wala hapana aliyewatupia jicho.

Kwa wasomaji wetu wa Pwani wasioijua Nairobi ya mashariki, yafaa tueleze kidogo. Katika mitaa ile mkongwe ni Pumwani, uliojengwa katika miaka ya 1920, na wengi wa wakazi wake wa mwanzo walikuwa Waislamu wenye kusema Kiswahili. Baadaye ikafuata Kaloleni, Bahati, Makadara, Jericho na mingineyo, mpaka kufika Umoja, Kayole na Dandora. Mji ule uko juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi, na mvua yake si kama ya kwetu. Mtu aliyeloa Mombasa hukauka akitembea. Ya kule huingia mifupani. Ardhi yake ni udongo mweusi wa kunata, ambao ukipata maji hushika tairi, ukajaa baina ya gurudumu na madigadi, hata gurudumu likakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli akawa ndiye mwenye kuibeba. Zile baiskeli nzito nyeusi ambazo watu huziita Black Mamba, breki zake hubana ukingo wa chuma wa gurudumu, na chuma kikiloa, breki hubaki jina tu. Basi mtu aliyepakia kreti za mkate au mitungi ya maji kwenye keria, akateremka na barabara hali matatu zinamrushia maji ya mtaro, huyo yumo katika safari ambayo jirani wa ndugu yetu hakuionja, ingawa mvua ilikuwa moja.

Wako watu ulimwenguni walioifanya taabu hii ya hiyari kuwa kama sheria. Wafaransa walianzisha mashindano ya kuizunguka nchi yao kwa baiskeli mwaka 1903, na mwaka 1910 wakayapitisha katika milima mirefu ya Pyrenees. Mwaka 1913 mshindani mmoja, Eugène Christophe, alikuwa akiteremka mlima wa Tourmalet, ambao njia yake hufika mita 2,115, mara uma wa mbele wa baiskeli yake ukavunjika. Sheria ilikataza msaada wowote. Akaichukua baiskeli begani, akaenda kwa miguu zaidi ya kilomita kumi hata akafika kijijini, akaingia kiwandani kwa mhunzi, akauunga uma ule kwa mikono yake mwenyewe, na wasimamizi wamesimama wanamwangalia. Kazi ile yataka mikono mitatu, naye alikuwa na miwili. Mtoto mdogo akamvukutia moto. Basi kwa sababu ya mvukuto ule wakamwongezea dakika za adhabu.

Sisi hatuwacheki Wafaransa. Mchezo una kanuni zake, na aliyeingia mchezoni amezikubali. Lakini ikiwa mtu atatoka mchezoni na kanuni ile mfukoni, akadhani kuwa juhudi haiwi safi mpaka isiguswe na mkono wa mtu wa pili, huyo ameharibu mizani. Na wenye mashindano wenyewe wameilegeza. Tarehe 22 Julai 2016 Chris Froome, ambaye alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na katika ujana wake akafunzwa na Mkenya David Kinjah, aliteleza akaanguka njia ikiwa imeloa mvua katika milima ya Alps, karibu na Mont Blanc. Mwenzake Geraint Thomas akampa baiskeli yake. Froome akamaliza siku ile juu ya baiskeli si yake, na baada ya siku mbili akatwaa ushindi wake wa tatu. Hapana aliyesema ushindi ule una ila.

Turudi katika swali. Imo katika Sahihi ya Bukhari khabari ya Abu Israil, mtu ambaye Mtume s.a.w. alimwona amesimama juani wakati wa khutba. Akaambiwa kuwa ameweka nadhiri asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, na afunge saumu. Mtume akaamrisha akae, aingie kivulini na aseme, na saumu yake aitimize. Tuitazame hukumu hii vizuri. Saumu nayo ina taabu, wala haikuondolewa, kwa kuwa taabu yake imekuja pamoja na jambo lenye maana. Jua halikuwa na jambo ndani yake. Lilikuwa ni maumivu matupu yaliyovikwa nguo ya ibada. Kwa hivyo twaona kuwa taabu peke yake si bidhaa. Haina bei mpaka ijulikane imebeba nini.

Je, kijana yule wa Buru Buru amebeba nini? Huenda ikawa amebeba kitu. Mwili ni amana, na Muislamu mwenye nguvu amesifiwa juu ya aliye dhaifu. Mvua nayo ni rehema, na imepokewa kuwa Mtume aliifunua nguo yake kidogo ili mvua impate mwilini. Tena mtu aliyelelewa katika raha hajijui. Hajui kama subira anayoihubiri kwa maskini anayo yeye mwenyewe. Akijaribu kuitafuta juu ya baiskeli, sisi hatumlaumu, ila tungependa awaambie watu wa nyumbani njia anayoishika, maana Mtume hakupenda mtu asafiri usiku peke yake, na usiku wa mvua humwahi mtu akiwa njiani. Lakini asisahau kuwa alikuwa na gari mlangoni. Wakati wowote angeweza kugeuza, na hapana mtoto ambaye angelala na njaa kwa kugeuza kwake. Yule wa barabara ya Jogoo hana pa kugeuzia. Akikaa kando kungoja mvua ikatike, mkate umeloa na ujira umepotea.

Ajabu ya watu wetu ni kuwa ukiwatajia huyu wa pili hujibu kwa neno moja: amezoea. Neno hili twalichukia. Kijana akiloa siku moja huitwa shujaa, na mzee akiloa miaka thelathini huambiwa amezoea, kana kwamba baridi husoma umri wa mtu kabla ya kumwingia! Mazoea hayapunguzi maji. Hupunguza malalamiko tu, na sisi tunaotazama twafurahi kuwa hatusikii kitu.

Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sera kuhusu wenda kwa miguu na wenye baiskeli, na ndani yake ikajifunga kutenga asilimia 20 ya fedha za kujengea barabara kwa ajili yao. Mwenye kutaka kuijua kazi ya sera hiyo na aende Jogoo jioni ya masika.

Wala tusiyatazame ya Nairobi tu. Hapa kwetu Mombasa, na Malindi pia, misikiti mingapi ina kibanda cha kuwekea baiskeli? Viatu tumevitengenezea rafu, na magari ya matajiri tumeyachagulia pahala. Mwenye baiskeli huiegemeza ukutani mvuani, akaingia safuni, na mnyororo unashika kutu hali yeye amesujudu.