Mzigo wa Kuthibitisha

Mtoto anapozaliwa ndani ya manyatta huko Leparua, Kaunti ya Isiolo, mashahidi hawakosekani. Mkunga aliyemkata kitovu yupo, nyanya yake yupo, na majirani walioamshwa usiku wapo. Jina halina haraka: kwa mila ya Wamaasai, siku yake ikifika, mama na mtoto hunyolewa, kisha mtoto hupewa jina mbele ya watu wake. Mtoto huyo anajulikana kuliko wengi wanaozaliwa mjini. Serikali peke yake ndiyo isiyomjua, mpaka naibu wa chifu ajaze fomu na fomu ile imfikie msajili. Je, ni wajibu wa nani kuhakikisha anajulikana?

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Haikusema tangu kusajiliwa. Basi cheti ni kama stakabadhi: kinaonyesha kwamba mtoto anaidai nchi, lakini deni lilikuwapo kabla ya karatasi. Hata hivyo, asiye na cheti hutendewa kama asiyedai kitu. Shule inataka namba ya cheti, mtihani wa taifa unaitaka, na akifika miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, anaulizwa tena yeye ni nani.

Tumezoea kudhani kwamba ubaguzi lazima uwe na mtu mwenye chuki. Tazama sharti la kuandikisha mtoto ndani ya miezi sita. Ni sharti moja kwa wote. Lakini mama aliyejifungulia Pumwani, Nairobi, hujaziwa fomu na wahudumu wa hospitali kabla hajarudi nyumbani. Mama wa Leparua huenda miezi hiyo sita akaimaliza njiani, akifuata malisho, huku ofisi ikibaki mjini. Anayewapimia wote kwa kipimo kile kile bila kuangalia umbali wanaotoka, amekwisha kuwabagua, hata kama moyoni hana ubaya.

Na umbali huo una historia. Usajili wa vizazi chini ya ukoloni ulipangwa kwa rangi: ulikuwa lazima kwa Wazungu kwanza, kisha Wahindi, na Waafrika wakaingizwa polepole, eneo baada ya eneo, hadi 1971 ulipokuwa lazima nchi nzima. Lakini kuanzia 1920 hivi, mwanamume Mwafrika alikuwa tayari amevishwa shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Serikali iliweza kumwandika vizuri sana ilipomtaka kazini. Kuzaliwa kwake hakukuihusu. Baada ya uhuru, Waraka wa Kikao Namba 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kule ambako zingezaa faida haraka. Nchi ya wafugaji ikaachwa nyuma, na zahanati na ofisi ambazo zingewaandika watoto wake zikachelewa nayo.

Wapo watakaosema kwamba serikali lazima ijihadhari, kwa kuwa karatasi za uongo zipo. Ni kweli, na tahadhari ni haki yake. Ila kulichunguza ombi ni jambo moja, na kuishuku jamii nzima ni jambo jingine. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa jamii ya Kinubi, ambao walikuwa wakikua bila kuhakikishiwa uraia wa nchi waliyozaliwa. Mtoto hawezi kuadhibiwa kwa shaka iliyomtangulia duniani.

Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha umwangukie mwenye daftari, kalamu na gari. Msajili aende palipo na watu: siku ya chanjo, siku ya soko, kisimani wakati wa kiangazi. Ushahidi wa mkunga wa jadi upokewe kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo. Mzazi aliyepitwa na muda asitozwe gharama ya ofisi iliyokuwa mbali naye. Asiseme mtu kwamba hayo ni hisani kwa wafugaji. Ni usawa ule ule unaotajwa na Ibara ya 27 ya Katiba, na mtoto wa Leparua anaudai tangu siku aliyozaliwa.