TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Ndizi na maharage si aibu



Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, juzi baada ya tarawehe mzee mmoja mwenye kisukari alinivuta pembeni. "Shehe, nimeambiwa nikiacha nyama, nikala majani tu, sukari inaisha. Dawa nimeziweka kando kwanza." Nikaona jibu tulisikie wote.

Ukweli kidogo upo. Watafiti wa Oxford, Uingereza, walifuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa takriban miaka 18, wakatoa matokeo mwaka 2019. Wasiokula nyama wala samaki walipata ugonjwa wa moyo pungufu kwa asilimia 22 kuliko wala nyama. Lakini kiharusi kwao kilizidi kwa asilimia 20. Basi kuacha nyama kuna faida, ila si kinga ya kila kitu, wala si badala ya dawa. Mzee wangu, rudi kliniki. Na daktari akikuzuia kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'an (2:185).

Halafu tujiulize: andazi lina nyama? Soda je? Chipsi? Unaweza usiguse nyama mwezi mzima na bado ukajiumiza kwa mafuta, sukari na chumvi.

Nyama ni halali. Allah ametukataza kujiharamishia vizuri alivyotuhalalishia (5:87). Ametuamrisha pia tule na tunywe bila israfu (7:31). Israfu ndiyo inayotumaliza.

Sisi huku tuna neema tunayoionea haya. Ndizi kwa maharage, mchicha wa shambani, parachichi: ndicho chakula ambacho watu wa mjini wanashauriwa na madaktari wakitafute. Lakini mgeni wa futari akija, tunakopa hela ya nyama tusije tukachekwa. Jamani, tunamficha nani rizki ya Allah?

Ila watoto na wajawazito msiwaachie ndizi tupu. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa, na mtoto anadumaa. Waongezewe maharage, mboga, yai, maziwa au dagaa.

Kazi ya leo: pika futari ya shambani kwako, punguza chumvi na mafuta, umpelekee jirani bakuli moja bila kuona haya.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, tubarikie mashamba yetu, na utukubalie funga zetu. Aamiin.